Pampu na pangaboi shamba moja: pesa za mafuta hununua nini hasa Texas?

Swali: Mimi ni Mkongo, mwaka wa saba sasa naishi Abilene, Texas. Naendesha lori la mchanga wa kupasulia miamba kwenda kwenye visima vya mafuta upande wa Midland. Kutoka Sweetwater kwenda mbele njia nzima ni mapangaboi ya upepo, na chini yake pampu za mafuta zinainama na kuinuka, mara nyingine katika shamba moja. Kazini wenzangu wanasema umeme wa upepo ni utapeli unaolipwa na kodi zetu. Kanisani kijana mmoja wa chuo anasema wenye mafuta wamewanunua wanasiasa wote ili umeme safi usije. Kama wamewanunua wote, mapangaboi haya yametoka wapi? Nimeapa uraia mwaka huu na nitapiga kura kwa mara ya kwanza. Naomba unifafanulie bila kuniwekea siasa.

Jibu: Ndugu yangu, hongera kwanza kwa uraia. Swali lako nimelipenda kwa sababu umeliokota barabarani, kwa macho yako. Umeona pampu na pangaboi shamba moja, ukajua kuna kitu hakikai sawa katika unayoambiwa. Hakikai sawa kweli. Kosa la kijana wa kanisani ni dogo kuliko la wenzako kazini, lakini lipo. Bila siasa kabisa siwezi, maana umeuliza habari za siasa. Nitakachojitahidi ni kukuonyesha pale ninapotoa maoni yangu mwenyewe.

Tutenganishe kwanza vitu viwili ambavyo watu huvifunga furushi moja. Mafuta, yale unayoyapelekea mchanga, hayawashi taa za Marekani. Umeme wa nchi hiyo unaotokana na mafuta haufiki hata asilimia 1. Adui wa pipa la mafuta ni gari la umeme, si pangaboi. Anayekosa usingizi kwa sababu ya pangaboi ni gesi asilia, ambayo hutoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa Marekani, na kisima cha Midland kinapotoa mafuta, gesi hupanda humohumo. Kwa hiyo mwenye kisima ana kofia mbili. Akivaa ya mafuta, upepo haumdhuru kitu, tena unamfaa, kwa kuwa pampu na kompresa zake zinakula umeme usiku na mchana. Mwaka 2018 ExxonMobil ilisaini mkataba na Ørsted, kampuni ya Denmark, wa kununua megawati 500 za upepo na jua kwa ajili ya shughuli zake za bonde la Permian, hukohuko unakoshusha mchanga. Akivaa kofia ya gesi, kila siku ya upepo mzuri kwake ni siku ya bei mbaya.

Sasa mapangaboi yametoka wapi? Mwaka 1999 Texas ilipitisha sheria ya kufungua soko la umeme, na ndani yake kikawekwa kifungu kinachotaka megawati 2,000 mpya za nishati jadidifu zifikiwe kabla ya 2009. Aliyeitia saini ni gavana George W. Bush, aliyekulia Midland na aliyeanza maisha ya kazi akitafuta mafuta hapohapo. Miongoni mwa waliomsogelea kumpigia debe upepo alikuwa Ken Lay wa Enron, kampuni ya gesi ya Houston, ambayo mwaka 1997 ilikuwa imenunua kampuni inayotengeneza mitambo ya upepo. Yaani kifungu kilichozaa mapangaboi unayoyaona kilibebwa, kwa sehemu yake, na pesa za gesi. Kijana wa kanisani huenda hakufundishwa hilo.

Lengo lile lilifikiwa kabla ya muda wake. Mwaka 2005, chini ya gavana Rick Perry, likapandishwa hadi megawati 10,000 kwa mwaka 2025, na hilo nalo likafikiwa kama miaka kumi na tano mapema. Sheria hiyohiyo ya 2005 ilifanya jambo kubwa zaidi ambalo halisimuliwi sana kwa kuwa halina mvuto: iliagiza laini za msongo mkubwa zijengwe kwenda sehemu zenye upepo kabla hata mapangaboi yenyewe hayajasimama. Kilomita 5,800 hivi za nyaya, kwa karibu dola bilioni 7, zilizolipwa na kila mwenye mita ya umeme kupitia bili yake, kuanzia nyika za kaskazini na magharibi hadi Dallas, Austin na San Antonio. Texas iliweza haraka hivyo kwa sababu gridi yake, inayosimamiwa na ERCOT, imejitenga na gridi za majimbo mengine na haihitaji kuomba ruhusa Washington kwa mambo mengi. Leo karibu robo ya umeme wa gridi hiyo ni wa upepo, na jimbo la mafuta ndilo linaloongoza Marekani nzima kwa upepo.

Hata hivyo sheria na nyaya hazielezi kwa nini mapangaboi yalidumu siasa zilipogeuka, nazo ziligeuka kweli. Hapa itabidi nikupeleke ardhini, na kwa sisi tuliotoka Kongo au Tanzania jambo lenyewe ni geni. Kwetu kilicho chini ya ardhi ni cha serikali. Mkulima akifukua dhahabu chini ya mihogo yake, mihogo ni yake, dhahabu si yake. Texas mwenye shamba anaweza kumiliki na cha chini pia, na anaweza kukiuza peke yake akabaki na cha juu. Vizazi na vizazi wamefanya hivyo. Babu alibanwa na ukame au deni la benki, akauza haki za chini, na wajukuu wakarithi nyasi, miti ya miiba na ng'ombe. Kisima kikichimbwa, malori kama lako yanapasua barabara ya shamba lao, vumbi linatua kwenye nguo walizoanika, na hundi inakwenda kwa mtu aliye Dallas. Tena sheria ya Texas humpa mwenye chini nguvu ya kupita juu ya ardhi ya mwenzake ili afikie mali yake.

Upepo ulipokuja uliangukia upande wa pili. Upepo ni wa mwenye juu. Kwa mara ya kwanza familia nyingi zilizokuwa zikiutazama utajiri ukipita mlangoni zilianza kupokea hundi zao wenyewe: dola elfu kadhaa kwa kila mtambo kwa mwaka, mvua inyeshe isinyeshe, pamba iote isiote. Ukishatoka Sweetwater unapita Roscoe. Huo ulikuwa mji wa pamba. Mwaka 2009 mashamba yake yalibeba mitambo yenye jumla ya megawati 781.5, mradi wa upepo mkubwa kuliko wote duniani kwa wakati huo. Kodi ya mali inayolipwa na mitambo ya namna hiyo inaingia kwenye kaunti, hospitali na shule. Mwenye ranchi wa aina hii huwa amepigia kura chama cha Republican maisha yake yote, anaweza hata kukuambia habari za tabianchi ni porojo, lakini jaribu kumwambia kwamba serikali itamzuia kukodisha upepo wake. Utaona.

Nimekaa sana hapo kwa sababu ndipo penye jibu langu. Pesa za mafuta Marekani zina nguvu sana, lakini hazishindi kila mahali. Mahubiri hayajazishinda popote ninapopajua. Zinashindwa pale zinapokutana na pesa nyingine iliyoota mizizi mahali hapohapo, ikapata mwenyewe wa kuisemea.

Sasa tuzungumzie hizo pesa zinanunua nini, maana neno "kununua" linawapotosha watu. Wengi huwaza bahasha. Zamani ilikuwa bahasha kweli, au tuseme mkoba. Miaka ya 1920 waziri wa mambo ya ndani (wizara ambayo Marekani husimamia ardhi za umma, si polisi), Albert Fall, alikodisha akiba za mafuta za jeshi la majini, ikiwemo ile ya Teapot Dome huko Wyoming, kwa matajiri wawili bila zabuni. Mmoja wao, Edward Doheny, alimpelekea dola 100,000 taslimu ndani ya mkoba mdogo mweusi. Mwaka 1929 mahakama ilimtia Fall hatiani kwa kupokea hongo hiyo, na mwaka uliofuata mahakama ikamwachia huru Doheny kwa kutoa hongo hiyohiyo. Kila nikilisoma tukio hili nacheka, ingawa si la kuchekesha. Mwaka 1956 tena, seneta Francis Case wa South Dakota alisimama bungeni akasema ameletewa dola 2,500 na mtu aliyetaka kujua atapigaje kura kwenye muswada wa gesi asilia. Rais Eisenhower, ambaye muswada wenyewe alikuwa anaupenda, akakataa kuutia saini kwa aibu.

Leo mkoba mweusi hauhitajiki. Watanzania wanakumbuka takrima: mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu mgombea kukirimu wapiga kura kwa nia njema, watu wakala pilau na kupokea khanga kihalali, hadi Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Marekani takrima ni ya mgombea mwenyewe, na mahakama imeilinda. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu, katika kesi iitwayo Citizens United, iliamua kwamba kampuni na vyama vya wafanyakazi wanaweza kutumia kiasi chochote kwenye matangazo ya uchaguzi alimradi wasipange pamoja na mgombea. Nyumbani kwako Texas ni zaidi ya hapo. Kwa viti vya jimbo, ukiacha majaji, mtu binafsi anaweza kumpa mgombea moja kwa moja kiasi chochote apendacho. Hakuna kikomo. Ndiyo maana majina ya Tim Dunn wa Midland na Farris Wilks wa Cisco, mji mdogo ulio mashariki yako kwenye barabara ileile ya I-20, utayasikia kila msimu wa uchaguzi. Wote wawili wametajirika kwa mafuta na gesi, na wametoa mamilioni kwa siasa za jimbo. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya wanachopigania haihusu mafuta: ni mambo ya shule, dini na mpaka. Pesa ya kisima ikishaingia kwenye siasa haibaki kuzungumzia kisima.

Tajiri huyo hahitaji kununua kura yako wewe. Anahitaji kumtisha mbunge wako, na mahali pa kumtishia ni kura za mchujo ndani ya chama, ambako watu wachache hujitokeza na tangazo moja la televisheni lina uzito. Bob Inglis wa South Carolina, mbunge wa Republican, mhafidhina asiye na shaka, alisema anaamini tabianchi inabadilika na akapendekeza kodi ya kaboni, yaani kodi ya hewa chafu inayotoka kwenye mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mwaka 2010 chama chake mwenyewe kilimwangusha kwenye mchujo kwa takriban kura 7 kwa 3. Hakuangushwa na pesa za mafuta peke yake, kulikuwa na hasira nyingi mwaka ule. Lakini kila mwenzake alilisoma kaburi lile. Miaka miwili kabla, 2008, John McCain alikuwa amegombea urais kwa chama hichohicho akiwa na mpango wa kupunguza hewa ya kaboni. Mwaka huohuo Americans for Prosperity, kikundi kilichoanzishwa na ndugu wa familia ya Koch, matajiri wa viwanda vya kusafisha mafuta, kilianza kuwazungushia wanasiasa kiapo cha kukataa kodi yoyote ya tabianchi, nao wakasaini kwa mamia. Mwaka 2009 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa tabianchi kwa kura 219 dhidi ya 212. Kampuni za mafuta na gesi zilitumia dola milioni 175 mwaka ule kushawishi Washington, wakati vikundi vyote vya mazingira kwa pamoja vilitumia milioni 22 na kidogo. Muswada ukafia Seneti bila hata kupigiwa kura.

Ukiniuliza mimi, hata hivyo, bidhaa ya thamani kuliko zote iliyonunuliwa na pesa za mafuta ni muda. Mwaka 1977 mwanasayansi wa Exxon, James Black, aliwaeleza wakubwa wa kampuni kwamba kuchoma mafuta na makaa ya mawe kutaipasha dunia joto. Kampuni ikafanya hesabu zake miaka iliyofuata, na hesabu zenyewe zilikuwa nzuri: watafiti waliozipitia na kuchapisha matokeo yao mwaka 2023 waliona kwamba asilimia 63 hadi 83 ya makadirio yale yalitimia. Halafu kampuni hiyohiyo ikakaa miaka ikifadhili shaka. Mwaka 1998 ulivuja waraka wa kikundi kazi cha American Petroleum Institute, jumuiya ya kampuni za mafuta, uliosema kwa maneno ya wazi kwamba ushindi utapatikana pale raia wa kawaida watakapotambua kwamba sayansi ya tabianchi ina mashaka. Angalia ujanja wake. Hukutaka watu waamini uongo fulani. Ulitaka tu wasiwe na hakika, maana asiye na hakika husema tungoje. Mtu aliyewahi kuwa mshawishi wa jumuiya hiyo, yaani mtu wa kulipwa ili awashawishi wanasiasa, Philip Cooney, aliwekwa Ikulu Bush alipokuwa rais, akawa anazihariri ripoti za serikali za tabianchi, akiongeza neno la shaka hapa na pale. Ilipojulikana mwaka 2005 alijiuzulu, na muda mfupi baadaye akaajiriwa ExxonMobil. Juzijuzi tu, 2021, mshawishi mwandamizi wa kampuni hiyo alirekodiwa kwa siri na wanaharakati wa Greenpeace waliojifanya wanatafuta mtu wa kuajiri. Alisema kuunga mkono kodi ya kaboni ni maneno mazuri ya kuzungumza, kwa sababu kila mtu anajua haitapita. Mkuu wa kampuni aliyakana maneno hayo hadharani.

Kuna na kanuni ndogondogo, zile ambazo hakuna gazeti litaziweka ukurasa wa mbele. Ulikuwepo Februari 2021, ile wiki ya barafu? Nadhani ulikuwepo, na huenda ulichoma viti ili watoto wapate joto. Hesabu ya jimbo ni watu 246 waliokufa. Wakati watu bado wako gizani, gavana Abbott alikwenda kwenye televisheni kulaumu upepo na jua. Ni kweli mapangaboi mengine yaliganda. Lakini uchunguzi wa taasisi za umeme za taifa ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya mitambo iliyozimika au kushindwa kuwaka ilikuwa ya gesi. Visima viliganda, na kompresa za gesi zilikatiwa umeme kwa sababu wenyewe hawakuwa wamejaza fomu ya kuomba zisikatiwe. Gesi ikakosa umeme, umeme ukakosa gesi. Bunge la Texas likapitisha sheria ya kuzilazimisha kampuni zijikinge na baridi, na watu wakapumua. Kumbe ndani yake mlikuwa na mwanya: kampuni ya gesi iliweza kujitoa kwa kujaza fomu na kulipa dola 150. Maseneta wenyewe walikuja kufoka miezi kadhaa baadaye, na mwanya ukabanwa. Lakini fikiria mwanya wa namna ile huingiaje. Hauhitaji kumnunua mtu. Unahitaji wakili anayelipwa vizuri akae chumbani wakati rasimu inaandikwa, na asiwepo wa upande mwingine.

Mwaka 2023 jimbo lilitunga mpango mpya wa nafuu za kodi kwa miradi mikubwa, likaacha nje upepo, jua na betri. Mwaka huohuo wapiga kura wakaidhinisha mfuko wa mabilioni wa kukopesha wajenzi wa mitambo ya umeme unaoweza kuwashwa muda wowote, yaani gesi. Hapo kofia ya gesi inaonekana waziwazi.

Na hapo ndipo mwenye ranchi anaporudi. Mwaka 2023 Seneti ya Texas ilipitisha muswada wa kuulazimisha upepo na jua kuomba vibali ambavyo gesi haiombi. Ukafia Baraza la Wawakilishi. Mwaka 2025 ikapitisha mitatu kwa mpigo: mmoja wa vibali, mmoja wa kutaka nusu ya mitambo mipya iwe ya kuwashwa muda wowote, na mmoja wa kuitwisha gharama hata mitambo iliyokwisha kujengwa. Yote mitatu ikafia palepale. Republican walikuwa na wingi katika mabaraza yote mawili, kwa hiyo usidhani ni Democrat walioizuia. Waliokwenda kulalamika ni wenye ardhi, wafanyabiashara na wenye viwanda wanaohitaji umeme wa bei nafuu. Ndivyo ilivyo Iowa pia, jimbo linalopata zaidi ya nusu ya umeme wake kutoka kwenye upepo. Seneta wake Chuck Grassley, mzee wa Republican, ndiye aliyesukuma nafuu ya kodi ya upepo ya taifa tangu 1992, na mwaka 2025 alizuia uteuzi wa maofisa wa hazina wa rais wa chama chake mwenyewe hadi apate uhakika kuhusu kanuni za upepo.

Linganisha na baharini. Aprili 2024 Donald Trump aliwakaribisha wakuu wa kampuni za mafuta kwenye makazi yake ya Florida na, kwa mujibu wa gazeti la Washington Post, akawaambia wamchangie dola bilioni 1, kwa kuwa sera atakazofuta zitawaokolea zaidi ya hizo. Kiasi hicho hakikupatikana, lakini makumi ya mamilioni yalipatikana. Siku ya kwanza ya urais, 20 Januari 2025, akasimamisha ukodishaji mpya wa bahari kwa ajili ya upepo. Waziri wake wa nishati, Chris Wright, ametoka moja kwa moja kwenye kampuni ya kupasua miamba ya mafuta, kazi ileile inayotumia mchanga wako. Agosti 2025 serikali yake ikaamuru mradi wa Revolution Wind, pwani ya Rhode Island, usimame ukiwa umekamilika kwa asilimia 80. Jaji akauruhusu uendelee mwezi mmoja baadaye. Sheria ya 4 Julai 2025 imekata nafuu za kodi za upepo na jua kwa miradi ya nchi kavu pia, lakini zile amri za kusimamisha zimeilenga bahari kwa ukali usiolinganishwa na wa Sweetwater. Rais mwenyewe hupenda kusema hayapendi mapangaboi ya baharini. Mimi naongeza jambo moja, na hili ni langu: bahari haina mwenye ranchi. Maji yale ni ya serikali ya taifa. Hakuna mjukuu anayengoja hundi, hakuna shule inayotegemea kodi yake, kwa hiyo hakuna wa kumpigia simu mbunge usiku.

Wenzako kazini nao wasikilizwe. Wanaposema upepo unalipwa na kodi hawasemi uongo. Nafuu ya kodi ya 1992 ilisaidia sana. Wanachosahau ni kwamba tangu 1926 hadi 1969 mwenye kisima aliruhusiwa kutolipia kodi asilimia 27.5 ya mapato ghafi ya kisima chake, na wanasiasa wa Texas kama Sam Rayburn na Lyndon Johnson waliilinda nafuu hiyo kama mboni ya jicho. Kampuni kubwa zilinyang'anywa mwaka 1975. Ndogo zinayo mpaka leo, kwa asilimia 15. Na upande wa mazingira una matajiri wake: Michael Bloomberg peke yake aliahidi dola milioni 500 mwaka 2019 kwa kampeni ya kufunga mitambo ya makaa ya mawe na kuzuia mipya ya gesi.

Wala kila uovu usiupachike mafuta. Hongo kubwa kuliko zote za siku hizi katika siasa za umeme ilitokea Ohio, na mafuta hayakuhusika. Kampuni ya umeme, FirstEnergy, ilipitisha kama dola milioni 60 kwa kikundi cha spika wa bunge la jimbo, Larry Householder, ili ipate sheria ya 2019 ya kuokoa mitambo ya nyuklia na makaa ya mawe. Sheria hiyohiyo ilivunja malengo ya nishati jadidifu. Householder alihukumiwa miaka 20 jela mwaka 2023.

Kuhusu kura yako. Siwezi kukuambia umpe nani. Naweza kukuonyesha ilipo karatasi. Texas hujiandikishi kwa chama. Siku ya mchujo, Machi, unachagua mwenyewe karatasi ya chama gani utapigia, na mahali kama Abilene viti vingi huwa vimekwisha kuamuliwa siku hiyo, Novemba ikifika ni kutawaza tu. Kila miaka miwili utakuta kwenye karatasi hiyo nafasi ya Kamishna wa Reli. Usiiruke ukidhani ni habari za treni. Tume ya Reli ya Texas ilianzishwa 1891 kwa ajili ya reli, lakini tangu 2005 haina hata kipande cha reli inachokisimamia. Inasimamia visima, mabomba na gesi. Ndiyo iliyokuwa na ile fomu ya dola 150. Makamishna ni watatu, kila mmoja hukaa miaka sita, na wanaruhusiwa kuchangiwa pesa za kampeni na watu wa kampuni wanazozisimamia. Majina ya wachangiaji na kiasi walichotoa yamo kwenye tovuti ya Texas Ethics Commission, bure. Andika jina la mgombea, tazama hundi kumi kubwa kuliko zote, halafu angalia hayo majina kwenye mageti ya visima unavyopelekea mchanga. Wewe utayatambua mengi kuliko mimi.